Viatu vya mgeni milimani: aina nne, na kipi uende nacho

Rafiki anayeishi milimani akikualika ukatembee naye, ukamuuliza uje na viatu gani, jibu utakalolipata mara nyingi ni hili: "Njoo na vyovyote, si mbali." Hakudanganyi. Miguu yake imezoea mawe yanayocheza, anajua pa kukanyaga, na pengine mwenyewe anapanda na raba zilizolika soli. Wewe unayetoka tambarare mazoea hayo huna, kwa hiyo kazi ambayo kwake inafanywa na kifundo na jicho, kwako itafanywa na kiatu.

Aina zenyewe ni nne: raba za kawaida, viatu vifupi vya njia za milimani, mabuti ya kati yanayofunika kifundo, na mabuti mazito ya ngozi. Kuna na mabuti ya kuazima, yale yaliyolala kabatini kwa mwenyeji. Hayo tumeyapa nafasi kubwa kwa sababu kasoro yake haionekani kwa macho.

Kabla ya kuchagua, mpigie mwenyeji umuulize maswali yenye majibu ya kupimika. Njia ni ya udongo, changarawe au miamba? Kuna mto wa kuvuka kwa miguu? Siku hizi mvua inanyesha? Tutapanda mita ngapi? Hilo la mwisho lina uzito kuliko kilomita. Mskoti William Naismith alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo wapandaji wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mita 600 za kupanda inachukua saa 3 za kutembea, kwa mtu mwenye mazoezi na asiyepumzika. Anayeanza aongeze nusu ya muda huo, aweke na mapumziko, atajikuta njiani kwa takriban saa 5. Kiatu kinachokubana kidogo dukani kitakuwa kimekuchubua kabla hamjafika nusu.

Raba za kawaida

Zinatosha kwa udongo mkavu uliokwisha kukanyagwa na watu, kwa matembezi yasiyozidi saa 2. Zaidi ya hapo hatuzipendekezi, na sababu ni soli. Ipindue raba uangalie meno yake: mengi yana kina cha milimita 1 au 2. Tope likijaa humo, baada ya hatua chache unatembea tope juu ya tope. Soli ya milimani ina meno ya milimita 4 hadi 5, tena yameachana ili tope lidondoke lenyewe, na kisigino chake kina ukingo mkali unaokamata ardhi unapoteremka.

Soli ya namna hiyo haikubuniwa kwa ajili ya urembo. Mwaka 1935 wapanda milima sita walikufa kwenye Alps upande wa Italia, na viatu visivyofaa vilitajwa miongoni mwa sababu. Mwenzao Vitale Bramani alikwenda kutengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa, ikatoka mwaka 1937, na jina la Vibram mnaloliona chini ya viatu vingi limetokana na jina lake.

Viatu vifupi vya njia za milimani

Kwa mgeni wa mara ya kwanza, kwenye njia inayoonekana, isiyo na theluji, na mzigo usiozidi kilo 8 mgongoni, hiki ndicho chaguo letu. Kimoja huwa na uzito wa gramu 300 hadi 450. Wepesi huo una maana, kwa sababu gramu 100 zilizoongezeka mguuni zinachosha mara kadhaa kuliko gramu 100 zilizoongezeka begani: mguu unainuliwa maelfu ya mara kwa siku.

Usinunue kwa kuangalia rangi. Shika kiatu mbele penye vidole na nyuma penye kisigino ukizungushe kama unayekamua nguo. Kikijisokota kama tambara, mawe yatakichezea. Kisha kisukume kutoka ncha mbili: kinatakiwa kujikunja pale vidole vinapoanzia. Kikijikunja katikati ya unyayo, kiache, maana kila jiwe utalisikia na jioni nyayo zitawaka. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba kutoka nyuma. Kikombe cha kisigino kizuri hakibonyei. Mwisho angalia kama mbele pana kinga ya mpira. Mtu aliyechoka hainui mguu vizuri, na kidole ndicho kinachogonga jiwe.

Udhaifu wake ni kwamba changarawe huingia, na mfupa wa kifundo hubaki wazi kwa kugongwa. Changarawe ikiingia simama uitoe hapo hapo. Chembe moja chini ya kisigino inatosha kutengeneza lengelenge.

Mabuti ya kati

Haya yana gramu 450 hadi 650 kwa mguu. Wengi huyanunua wakiamini kwamba urefu peke yake unazuia kifundo kutenguka. Tunavyoona sisi, imani hiyo inazidisha. Kinachomshikilia mtu zaidi ni soli pana isiyojisokota na kisigino kisichocheza ndani ya kiatu. Buti refu lililolegea halimsaidii mtu. Faida ya hakika ya urefu ni kuzuia changarawe, tope, umande na kugongwa kifundo. Kama mwenyeji amekwambia njia ni ya mawe yaliyolegea au matope, au utabeba zaidi ya kilo 8, chukua haya badala ya vifupi.

Hapa ndipo unapokutana na swali la utando wa kuzuia maji. Unaojulikana zaidi ni Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore wa mwaka 1969 alipoivuta ghafla plastiki ya PTFE ikatanuka na kuwa na vitundu vidogo mno. Tone la maji halipiti kwenye vitundu hivyo, lakini mvuke wa jasho unapita. Mvuke huo hutoka vizuri pale nje panapokuwa na baridi na ukavu kuliko ndani ya kiatu. Kwenye joto na unyevu hutoka polepole, na soksi inalowa kwa jasho kana kwamba umekanyaga dimbwi. Tena maji yakishaingia kwa juu, kwa mfano mmevuka mto wa kufika magotini, utando uleule unayazuia kutoka. Kiatu cha wavu kisicho na utando hukauka ndani ya saa chache ukiendelea kutembea nacho. Chenye utando kinaweza kulala na unyevu mpaka kesho yake.

Kwa hiyo: kwenye baridi, umande na manyunyu, utando unafaa. Kwenye joto au mito ya kuvuka, chukua kisicho nao.

Mabuti mazito ya ngozi

Gramu 700 hadi 900, wakati mwingine zaidi, na soli ngumu isiyojikunja kwa urahisi. Ni ya theluji, mizigo mizito na siku nyingi mfululizo. Kwa anayeanza ni adhabu, hasa yakiwa mapya: ngozi nene inahitaji wiki kadhaa za kuvaliwa kidogo kidogo kabla haijaukubali mguu. Anayekwenda kumtembelea rafiki kwa siku tatu asinunue haya.

Mabuti ya kabatini kwa mwenyeji

"Usihangaike, yapo mabuti yangu ya zamani, hata sijayavaa sana." Maneno hayo yana upendo ndani yake, ila hilo la kutovaliwa sana ndilo linalotutia wasiwasi.

Kati ya soli ya nje na unyayo kuna soli ya kati, ile tabaka laini inayopokea kishindo. Kwenye mabuti mengi imetengenezwa kwa povu la poliyurethani. Povu hilo hudumu likikanyagwa, lakini unyevu wa hewani hulivunja taratibu hata kama buti halijawahi kugusa ardhi. Ikipita miaka mitano hadi kumi linaweza kuwa kama mkate mkavu. Kwa nje buti linang'aa, ngozi nzima, meno mapya kabisa. Mnatembea saa moja, soli ya mguu wa kulia inaanza kupiga makofi, na ya kushoto inafuata kwa sababu zina umri mmoja. Viatu vingi vyepesi vina povu la EVA, ambalo halivunjiki kwa namna hiyo, ila hubonyea na kupoteza mdundo baada ya kutembelewa sana.

Yapime siku ya kufika, usingoje asubuhi ya safari. Muulize mwenyeji yana miaka mingapi. Bonyeza soli ya kati kwa ukucha wa kidole gumba: ikibaki na shimo, ikitoa ungaunga au ikinata, yarudishe kabatini. Yakunje kwa nguvu mahali pa vidole uangalie nyufa nyembamba pembeni. Vuta ncha ya soli mbele na nyuma kuona kama gundi inaachia. Kisha yavae upande na kushuka ngazi kwa dakika 20. Yakishinda majaribio yote, bado kumbuka kwamba unyayo wa ndani umeshachukua umbo la mguu wa mwenzako. Utoe, uweke wako.

Yakikufia njiani, zungusha utepe wa gundi wa kitambaa au kamba imara kuanzia juu ya kiatu hadi chini ya soli, mahali pawili: kwenye vidole na mbele kidogo ya kisigino. Utepe unalika haraka kwenye mawe, kwa hiyo beba mita 3 au 4 ukiwa umeuzungushia chupa ya maji.

Saizi na kamba

Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi zilezile utakazopandia. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kiingie bila kulazimisha. Funga, kisha teremka ngazi au ubao ulioinama. Vidole vikigusa mbele, chukua saizi inayofuata. Hili hatulilegezi: wakati wa kuteremka uzito wote unasukuma vidole mbele, na kucha zinazogonga ncha ya kiatu kwa saa 2 hugeuka nyeusi. Zikate fupi, kwa mstari ulionyooka, siku mbili tatu kabla.

Kamba nazo hufungwa mara mbili kwa siku. Wakati wa kupanda, kaza kwenye unyayo na ulegeze juu ili kifundo kikunjike. Mkifika juu, kabla ya kugeuka, kaa chini ufungue zote. Gonga kisigino chini ili kirudi nyuma kabisa, kisha kaza kuanzia vidoleni kwenda juu. Pale mguu unapopinda kuelekea kwenye mundi, zungusha kamba mara mbili badala ya moja kabla ya kuvuta. Mzunguko huo wa ziada unaizuia kurudi, na kisigino hakitainuka. Ukifanya hivi hata kiatu cha wastani kitakuteremsha salama. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu wamechoka na wana hamu ya kurudi.

Soksi za pamba ziache. Hunyonya jasho, hazikauki, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Sufu laini ya kondoo wa merino au mchanganyiko wake na nailoni ndiyo inayofaa, na jozi ya pili iwe ndani ya begi. Ukihisi mahali panachoma, usisubiri mapumziko: simama, kausha, bandika plasta laini isiyo na mikunjo. Ukichelewa nusu saa utakuta maji yamejaa, na hapo hakuna kiatu kitakachokufaa.

Viatu vipya vifupi vivae nyumbani siku mbili tatu, kisha kilomita 5, kisha ngazi ukiwa na mzigo. Safarini vivae mguuni badala ya kuvifunga kwenye begi. Begi likipotea utaazima sweta. Viatu vilivyozoea mguu wako huwezi kuviazima.

Mkirudi

Toa unyayo na kamba, piga mswaki tope kwa maji baridi, jaza magazeti ndani na uyabadilishe baada ya saa moja au mbili. Usiviweke karibu na moto hata mwenyeji akikushauri: ngozi hupasuka na gundi huachia. Vikauke kivulini penye hewa, na visihifadhiwe ndani ya mfuko wa plastiki. Ndani ya ulimi wa kiatu andika kwa wino mwaka uliokinunua, ili mgeni wako atakapokuja kukiazima ajue umri wake.