Huduma ya bonge la damu mkononi: ipi imekamilika, ipi ni nusu?

Mkono uliovimba ghafla, mzito, wenye rangi ya samawati, siku chache baada ya kunyanyua vyuma, kuogelea sana au kupaka rangi dari, si wa kuchuliwa: huenda una bonge la damu. Kliniki inayoishia kusema "msuli umevutika" bila kukagua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, imekosea tangu mlangoni. Mgonjwa avue shati: vena zilizotokeza begani na kifuani ni damu inayotafuta njia ya kando.

Ultrasaundi ya doppla, inayotumia mawimbi ya sauti kuonyesha damu inavyopita, ndiyo kipimo cha kuanzia, na tunaipa alama nzuri. Haina mionzi, mpimaji akibonyeza, vena isiyo na bonge hulala bapa, yenye bonge hukataa. Tatizo ni mtulinga, mfupa ulio kati ya shingo na bega: unaficha kipande cha vena, mara nyingi kilekile kinachobanwa kati yake na ubavu wa kwanza. Kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" kwenye mkono uliovimba lisikubaliwe. Kituo makini huendelea na picha za vena kwa CT, MRI au katheta (mrija mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa), mkono ukiwa chini kisha ukiinuliwa, maana vena inayopitisha damu mkono ukilala huweza kuzibika ukipanda juu.

Dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida heparini, ianze mara moja, isipokuwa kuna hatari kubwa ya kutokwa damu. Lakini heparini haiyeyushi bonge, huzuia lisikue. Kuyeyusha ni kazi ya dawa kama alteplasi, inayopitishwa kwa katheta hadi ndani ya bonge, na hufaa zaidi ndani ya siku 14 hivi tangu dalili zianze. Hapo wiki moja ya kungoja rufaa ni hasara kubwa.

Kinachotukera zaidi ni stenti, kijibomba cha chuma cha kushikilia vena wazi, kuwekwa kabla ya upasuaji. Ubavu wa kwanza na mtulinga hubana kama mkasi kila mkono unapoinuliwa. Chuma hupinda au huvunjika, na vena huziba tena. Nafasi ipanuliwe kwanza kwa kuondoa ubavu huo na kuachilia misuli inayobana. Madaktari hawakubaliani kama kila mgonjwa anahitaji kisu, ila kwa kijana anayetegemea mkono wake tunaona hoja ya kupasua ina nguvu. Aelezwe pia hatari zake: kutokwa damu, hewa kuingia kando ya pafu, kuumia neva.

Dawa za kuzuia kuganda huendelea angalau miezi 3 kwa kawaida. Kifua kikiuma au pumzi zikikatika ghafla, aende idara ya dharura palepale: bonge huenda limefika kwenye pafu.