Knights of Xentar: gemu sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni na walioifunga kwenye kifurushi

Niliwauliza kitu kimoja tu: faili za sevu, zile zinazohifadhi ulipofika, zinakaa wapi? Gemu ilikuwa inafunguka, inasevu, inapakia, ila nikiingia kwenye folda yake sioni hata faili moja mpya, na anayetaka kuweka nakala pembeni lazima ajue zilipo. Wa huduma kwa wateja wa lile duka la mtandaoni akajibu bila hata salamu: "Ifungue kama msimamizi." Nikaifungua kama msimamizi. Sevu zote hakuna. Desmond, shujaa wa gemu, yuko uchi tena pale mwanzo kabisa, ameporwa nguo na silaha, hana mbele wala nyuma. Kulalamika, naambiwa: "Hii ni gemu ya DOS, ulitarajia nini?"

Nilitarajia kwamba anayeuza gemu ya DOS anaijua DOS, ule mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Na kosa lenyewe wala si la DOS! Ni la namna walivyokifunga kifurushi chao ili kikae kwenye Windows, na ushauri waliotoa ndio unaolikuza kosa.

Kwa asiyeifahamu: hii ni Dragon Knight III ya kampuni ya elf ya Japani, iliyotoka mwaka 1991 kwenye kompyuta za Kijapani za PC-98, kisha kampuni ya Megatech wakaitoa kwa Kiingereza mwaka 1995 kwa ajili ya DOS. Shujaa Takeru wa toleo la Kijapani huku anaitwa Desmond. Mbili zilizotangulia kwenye mfululizo unatembea ndani ya mapango ukiona kwa macho ya mhusika. Hii unaitazama kutoka juu, unapita vijijini, unaongea na kila unayemkuta, unapigana njiani. Ni ya watu wazima, miaka 18 kwenda juu, kwa hiyo kama si mambo yako basi.

Turudi kwenye sevu. Kifurushi kinajisimika chenyewe ndani ya C:\Program Files (x86), DOSBox 0.74 (programu inayoigiza kompyuta ya DOS) pamoja na gemu, na hakikuulizi kama unataka pengine. Tangu Windows Vista, programu iliyofunguliwa kwa njia ya kawaida hairuhusiwi kuandika humo. Sasa kwa kuwa programu kuukuu za biti 32 zingekwama zote siku hiyohiyo, Windows huzifanyia hila: faili inayotaka kuandikwa inapelekwa kimyakimya kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya kila mtumiaji, halafu programu inaambiwa kazi imekwisha. DOSBox inaamini, gemu inaamini, na wewe unabaki unakodolea macho folda ambayo haijabadilika chochote.

Ukifungua kama msimamizi, hila hiyo inazimwa. Sasa DOSBox ina ruhusa ya kuandika kwenye folda halisi, kwa hiyo inasoma folda halisi, ambako hakujawahi kuandikwa sevu hata moja. Ukicheza tena na kusevu, unatengeneza seti ya pili. Siku ukisahau na kufungua kwa njia ya kawaida, seti ya kwanza inarudi na ya pili inatoweka, kwa sababu majina ya faili ni yaleyale na Windows huangalia VirtualStore kwanza. Mtu asiyejua anaweza kudhani gemu ina wazimu.

Ushauri wao uliofuata, jamani, ulikuwa mbaya zaidi: "Ondoa, kisha simika upya." Kuondoa kunafuta folda halisi pamoja na sevu ulizoweka kama msimamizi, lakini VirtualStore hakuigusi. Ukisimika upya unakuta sevu za zamani zimefufuka kwenye gemu mpya kabisa. Na si sevu tu. Kama uliwahi kuharibu mipangilio ya sauti, ile faili mbovu ya mipangilio nayo imo VirtualStore, na itaendelea kusomwa badala ya mpya hata usimike mara ngapi.

Dawa yake haichukui muda. Funga gemu. Bonyeza Windows na R, andika %localappdata%\VirtualStore, kisha Enter. Ukiiona Program Files (x86) humo ndani, ingia mpaka ufike folda ya gemu, uzipange faili kwa tarehe. Zile zenye saa za usiku uliocheza ndizo sevu zako. Zinakili kwanza mahali pengine kabisa, flashi au popote, kabla hujagusa kingine.

Kisha chukua folda nzima ya gemu kutoka Program Files uinakili kwenye folda yako mwenyewe, mathalani C:\DOS\XENTAR. Jina lisizidi herufi 8 na lisiwe na nafasi, vinginevyo DOS italikatakata na kuweka alama ya ~1 mwishoni. Faili za VirtualStore zibandike juu ya hizo, lakini kama ulishacheza kwa njia zote mbili linganisha tarehe kwanza, moja moja. Windows ikikuuliza kama ibadilishe faili iliyopo, usikubali yote kwa mkupuo. Hapo ndipo watu wanafuta seti iliyokuwa mbele zaidi. Folda ya kule VirtualStore usiifute, ibadilishe jina tu mpaka uhakikishe kila kitu kiko sawa.

Baada ya hapo nakili faili ya conf (ya mipangilio) ya DOSBox nayo uitoe Program Files (ukiihariri ikiwa kulekule, Notepad itakataa kuihifadhi). Shuka mpaka chini kwenye [autoexec], penye amri zinazoendeshwa DOSBox ikifunguka. Utakuta mstari wa mount, unaoiambia DOSBox folda ipi iwe diski yake, ukielekea Program Files. Ubadilishe uwe:

mount c C:\DOS
c:
cd XENTAR

Kama nakala yako ni ya CD, yenye sauti za wahusika, mstari wa imgmount nao lazima uelekezwe upya kwenye taswira ya diski (faili yenye nakala nzima ya CD), kwa mfano imgmount d C:\DOS\XENTAR.CUE -t iso, na ukae kabla ya mstari unaoanzisha gemu. Njia ya mkato ya kwenye desktopu nayo ibadilishe: dosbox.exe, nafasi, -conf, nafasi, halafu njia ya conf mpya. Ukisahau hili la mwisho utakuwa umehangaika bure, maana utaendelea kufungua gemu ya zamani huku unadhani ni mpya.

Jaribu: sevu ndani ya gemu, toka, tazama folda. Lazima uone faili yenye saa ya sasa hivi. Kama unabandika sevu wakati DOSBox iko wazi, bonyeza Ctrl na F4, kwa sababu DOSBox hukariri orodha ya faili na haitaiona mpya mpaka uilazimishe. Na ukihamia toleo la DOSBox la biti 64, ile hila ya VirtualStore haipo kabisa. Ndani ya Program Files kuandika kutakataliwa wazi. Afadhali hivyo. Bora nikataliwe usoni kuliko kudanganywa.

Hiyo ni kazi ya fundi wa duka, kazi ya asubuhi moja. Badala ya Program Files wangeweka folda ya mtumiaji, habari ikaisha.

Sauti nayo wameiacha ovyo. Muziki unapiga vizuri lakini wahusika hawatoi neno. Ukikuta hali hiyo kwenye gemu yoyote ya DOS, usipoteze muda kwenye muziki. Muziki wa kadi ya sauti ya AdLib hauhitaji IRQ, yaani namba ambayo kadi huitumia kuishtua kompyuta; sauti ya mtu inayopita kadi ya Sound Blaster inaihitaji, pamoja na DMA, njia ya kupitisha data bila kuisumbua prosesa. Kwenye conf yao [sblaster] wameandika irq=5, huku gemu imepangwa kwa 7. Rudisha sbbase=220, irq=7, dma=1, ambazo ndizo za kawaida za DOSBox, na wahusika wataongea. Wameacha pia output=surface, ndiyo maana dirisha ni dogo na halikubali kukuzwa; weka output=openglnb pamoja na windowresolution unayotaka. Hiyo nb inazuia picha kulainishwa, vitone vinabaki vikali.

Na vitone hivyo vinastahili kuonekana. PC-98 ilikuwa na skrini ya 640 kwa 400, ukubwa uliotakiwa ili kanji, zile herufi tata za Kijapani, zisomeke, lakini rangi 16 tu kwa wakati mmoja, zilizochaguliwa kati ya 4096. Kwa hiyo wachoraji wa enzi ile walipata rangi ya ngozi na kivuli kwa kupanga nukta za rangi mbili kama shanga, na mtindo huo umebaki kwenye sura za wahusika. Sogelea shavu la mhusika kwenye picha kubwa uone.

Mapigano yanajiendesha yenyewe. Desmond na wenzake wanakimbilia adui, wanakata, wanakatwa, na wewe unaingilia kati kutoa uchawi au dawa. Wengi wanaichukia sehemu hii na siwezi kuwalaumu, maana ukizubaa unaokota maiti. Mimi naipenda. Au niseme naivumilia, hasa ukishazoea kuweka dawa za kutosha kabla ya kutoka mjini na kutorudi nyuma kwa pambano la kipuuzi. Spidi ya DOSBox ikikusumbua, weka cycles=fixed 15000 uanzie hapo, Ctrl na F12 inapandisha, Ctrl na F11 inashusha.

Utani umejaa mambo ya Marekani ya miaka ya tisini ambayo hayakuwemo kwenye mchezo wa Kijapani, na mwingine unachekesha kweli, hasa watu wa kijiji cha kwanza wanavyompokea mtu asiye na nguo. Utani kuhusu wanawake umechacha, na unachosha upesi kuliko picha zenyewe.

Je, ununue? Kwa hao, hapana. Nilianza kuandika nikiwa nimeshaamua nyota moja. Halafu nikiwaza kwamba ukishahamisha folda gemu inatulia kabisa, haigandi, sauti zote zipo, nasema kama huna mahali pengine pa kuipata na unajua kuhariri conf, chukua, ni bei ya kuvumilika. Lakini hapana. Mtu aliyelipa hapaswi kufundishwa VirtualStore na mteja mwenzake, na yule wa huduma kwa wateja bado anawajibu watu jibu lilelile. Gemu naipa tatu na nusu. Wao siwapi kitu, na pesa yangu bado naidai.