Twisheni ya History ya jioni kwa wanaorisiti, Chang'ombe Dodoma

Nimesoma hapa miezi miwili sasa, naandika maana kuna watu wananiuliza kama inamfaa mtu anayerisiti form six huku mchana yuko kazini. Inafaa. Ni nyumbani kwa mwalimu mwenyewe, kajenga banda uani, ubao mmoja na mabenchi, tuko ishirini na kitu, wengi watu wazima, na kuna mama mmoja anauza nafaka soko la Majengo, huyo nitamrudia. Ada elfu 25 kwa mwezi, Jumatatu Jumatano na Ijumaa kuanzia saa 11 na nusu jioni.

Kabla ya hapa nilikuwa kituo kingine, kule kazi ilikuwa kukariri madesa tu. Swali la kwanini Marekani iliingia Vita ya Kwanza wakati ilikuwa imejitenga unapewa pointi zako, meli ya abiria ya Lusitania, telegramu ya Zimmermann waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, mikopo, nyambizi, ukiuliza ipi imevuta ipi unaambiwa we andika hivohivo. Nikaandika hivohivo na nikafeli, na iliniuma sana maana nilikuwa nimekesha.

Hapa mwalimu alikaa na hilo swali vipindi vitatu. Alianza mbali, 1796 George Washington anaaga anawaambia wenzake wasijifunge kwenye miungano ya kudumu na mataifa ya nje, akaja 1914 rais Wilson anatangaza kwamba hawana upande, alafu akauliza, sasa kama hawana upande mbona wanauza? Maana Uingereza ilikuwa imeziba bahari, meli za Ujerumani hazipiti, kwahiyo duka liko wazi kwa wote ila anayeweza kufika dukani ni mmoja. Na huyo mmoja hela ikamwishia. Hapo ndo nikamjua Bryan, ambaye kwenye madesa yangu ya zamani hayumo kabisa. Alikuwa waziri wao wa mambo ya nje, na mwaka huohuo 1914 alikataa mabenki ya Marekani yasiwakopeshe wanaopigana, akisema pesa ni mbaya kuliko magendo yote kwasababu ndiyo inayoamrisha vingine vyote. Juni 1915 akajiuzulu, na ilipofika Oktoba benki ya J.P. Morgan ikasimamia mkopo wa dola milioni 500 kwa Uingereza na Ufaransa. Mpaka 1917 mikopo ya upande ule ilishapita bilioni 2.

Sasa mwalimu akamgeukia yule mama wa nafaka, mama, majirani wawili wanagombana, mmoja umemkopesha magunia na mwingine hujamkopesha, unaomba nini? Mama hata hakufikiria, akasema naomba ashinde mwenye deni langu, mwingine akishinda mimi nani atanilipa. Banda zima likanyamaza. Aisee mimi tangu siku ile lile swali sijalisahau tena na sijalikariri.

Ila kuna sehemu sikubaliani na mwalimu na nilimwambia. Anavutia sana upande wa hela mpaka Ujerumani inaonekana kama haikuwa na uamuzi wake. Lusitania ilizamishwa na nyambizi ya Ujerumani Mei 7, 1915 wakafa watu 1,198, kati yao Wamarekani 128, na bado Marekani haikuingia, ilikaa karibu miaka miwili, na Wilson alishinda uchaguzi wa 1916 watu wakimsifia kwamba amewaepusha na vita. Kama ni deni tu si wangeingia siku ile? Kilichobadilika ni kwamba Februari 1, 1917 Ujerumani ilirudi kuzamisha meli yoyote bila onyo, wakubwa wa jeshi lao la majini walipiga hesabu kwamba Uingereza itasalimu amri ndani ya miezi mitano hivi kabla Marekani haijaleta askari. Wakacheza kamari. Alafu ikaja ile telegramu ya Zimmermann ya kuiahidi Mexico kurudishiwa Texas, New Mexico na Arizona, Waingereza wakaidaka, ikatoka magazetini Machi 1, na Aprili 6 vita ikatangazwa. Mwalimu akanijibu, sawa, lakini meli wanazizamisha kwanini, si kwasababu zimebeba mzigo? Tukabishana mpaka saa 2 usiku na hakukasirika wala hakuniambia nikae kimya kwanza nisikilize. Mimi bado nasimamia kwamba deni liliwafanya wawe na upande, ila nyambizi ndo ziliwafanya wapigane, na hivyo ndo nitaandika kwenye mtihani.

Kipindi cha tatu aliuliza kitu kingine. Wamarekani walijadili, wakapiga kura, Seneti 82 kwa 6, na hata waliokataa majina yao yapo, Jeannette Rankin, mwanamke aliyekuwa mbunge kwenye Bunge la Wawakilishi, alikataa 1917 na kwenye Vita ya Pili akakataa tena 1941 akiwa peke yake. Je huku kwetu nani aliulizwa? Waingereza waliingia Dodoma Julai 1916, kabla yao walikuwepo Wajerumani, wote walichukua ng'ombe, walichukua mtama na walichukua vijana wabebe mizigo, alafu mvua ikagoma. Ndo ile njaa ya Mtunya. Mimi ni Mgogo, hilo neno nimelisikia kwa bibi tangu mdogo na sikuwahi kujua kwamba linakaa kwenye topiki moja na Wilson. Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, sikutaka hata boda.

Kasoro zipo. Taa ni moja, ukikaa nyuma ubao huuoni vizuri, na upepo wa jioni ukianza vumbi linaingia mpaka kwenye daftari. Notsi za kutoa kopi unalipia pembeni na nyingine zimefifia hazisomeki, hili nimeshamwambia. Ramani hatumii kabisa na kwa somo kama hili la bahari kuzibwa ramani ilihitajika.

Wiki ijayo tunaanza 1941, sheria zao za kutoingilia vita, mafuta waliyomkatia Mjapani, mpaka Mjapani anapiga kambi yao ya majini ya Pearl Harbor. Anayetaka aje Jumatatu, awahi benchi la mbele, siku ya kwanza halipishi.