Ziara ya siku moja kwenye uwanja wa vita wa Mohács

Kampuni ndogo iliyotuchukua kwa basi kutoka Budapest hadi kusini mwa Hungaria ilitufikisha mapema kwenye kumbukumbu ya Mohács, iliyofunguliwa mwaka 1976 juu ya makaburi ya halaiki ya wanajeshi waliouawa tarehe 29 Agosti 1526, Hungaria ilipopigana na Waturuki wa Dola ya Osmani. Magogo yaliyochongwa sura za watu na farasi yamesimikwa nyasini, na mbele ya mojawapo, lililopasuka kwa jua toka utosini hadi kidevuni, kundi zima lilinyamaza bila kuambiwa.

Mwongozaji wetu alikuwa hodari zaidi alipoeleza mvutano wa watawala. Mfalme Louis wa Pili wa Hungaria, kijana wa miaka 20, alikufa akikimbia bila kuacha mrithi, na kiti chake kikagombewa na János Szapolyai, kabaila mkubwa wa nchini, pamoja na Ferdinand wa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, aliyekuwa shemeji wa marehemu. Wote wawili walitawazwa katika mji wa Székesfehérvár, mmoja Novemba 1526, mwenzake Novemba 1527. Nchi moja, wafalme wawili!

Vita vyenyewe, kwa bahati mbaya, vilipewa dakika tano tu. Namna wapanda farasi wa Hungaria wenye deraya walivyovunjwa nguvu na mizinga na bunduki za jeshi la Sultani Suleiman wa Osmani ilistahili maelezo marefu kuliko chakula cha mchana, kilichokula saa nzima na nusu. Vipokea sauti navyo vilikwaruza njia nzima. Ningelipa tena nauli hiyohiyo, ila kwa mwongozaji yuleyule.