Miaka miwili kwenye chama cha wanapodikasti huru, hivi ndivyo nilivyoona

Wengi mnaniuliza dm kama kujiunga na chama cha wanapodikasti huru kuna faida ama ni kuliwa pesa tu, basi naandika mara moja niliyoyaona mwenyewe. Niko Mombasa, podikasti yangu ni ya Kiswahili, habari za wavuvi na bandari na wazee wa Old Town, naifanya peke yangu na maiki moja. Jina la chama sitaji kwa sababu mzozo wangu na kampuni moja, nitaueleza hapa chini, uliisha kwa makubaliano na ndani yake tulikubaliana hakuna anayetajwa.

Kabla sijajiunga kuna kampuni ilinipigia simu, wakasema wameipenda shoo, watanitafutia matangazo na studio watanipa, mimi nisaini tu. Nikasaini. Kurasa kumi na moja za Kiingereza cha mawakili, nilisoma ya kwanza na ile ya pesa basi. Wakaihamishia podikasti kwenye akaunti yao ya hosti, yaani mtandao unaohifadhi vipindi, na ile imeli iliyo ndani ya fidi ya RSS, inayoonyesha shoo ni ya nani, wakaweka yao, na mimi wakati huo hata fidi sijui ni nini. Sasa najua. Fidi ndiyo anwani ambayo Spotify na Apple Podcasts wanaichungulia kuona kama kuna kipindi kipya, na msikilizaji aliyesabskraibu anafuata hiyo anwani, hakufuati wewe, kwa hiyo anayeshika akaunti ya hosti ameshika watu wako wote. Matangazo hayakuja, studio niliingia mara mbili, mwezi wa nane nikawaambia natoka wakanijibu toka lakini shoo inabaki kwetu. Vipindi 64! Na kimojawapo ni cha marehemu babu yangu anaeleza jahazi lilivyokuwa likipakia boriti Lamu, sauti ambayo sitairekodi tena maishani. Nililia jamani.

Hapo ndipo nikalipa ada ya chama, 3,000 kwa M-Pesa, na siku ya nne nikapigiwa na wakili wao, mama mmoja mpole lakini hachezi. Akaniambia mwanangu niletee mkataba, faili za rekodi zenyewe, meseji zote za WhatsApp na tarehe ya kila kipindi. Akanifafanulia kwamba hapa Kenya hakimiliki inaanza pale unaporekodi, kusajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, si lazima ila ni ushahidi mzuri, na hakimiliki haihami kwa mdomo lazima iwe maandishi yenye saini. Akausoma ule mkataba wote, kumbe nilichowapa ni ruhusa ya kusambaza, hakuna mahali imeandikwa kazi imekuwa yao. Akawaandikia barua akitaka mambo mawili tu, imeli ya fidi irudi kuwa yangu na fidi ya zamani iwekewe ile ridairekti ya 301, yaani anwani ya zamani impeleke msikilizaji moja kwa moja kwenye hosti yangu mpya. Ilichukua wiki sita, simu nyingi, usingizi sina, mwisho wakakubali na wasikilizaji wakahama bila hata kujua kuna kitu kimetokea. Wakili wa nje nilikuwa nimemuulizia bei, singeweza.

Sasa mabaya yao, na nayasema kwa sababu nataka warekebishe. Mikutano yote ni Nairobi, sisi wa Pwani tunapewa linki ya Zoom inayokatikakatika. Ule mkataba wa mfano wanaowapa wanachama uko kwa Kiingereza peke yake na wanachama kibao wanarusha kwa Kiswahili, Kikuyu, Dholuo, hii inaniuma kweli kwa sababu Kiingereza cha mkataba ndicho kilichoniponza mimi. Matangazo ya pamoja waliyoahidi bado sijaona hata moja.

Mambo ya kodi lakini wako vizuri. Mnakumbuka mswada wa fedha wa 2023 ulitaka kodi ya 15% ikatwe kwenye malipo ya kontenti ya dijitali, ikapitishwa 5% kwa mkaazi, wao walitukalisha jioni nzima wakatueleza nani anakata na kwa nini udai cheti cha makato kila unapolipwa.

Na msitarajie chama kishinde kila kitu. BAKE, wale wa mabloga, walienda kortini 2018 kupinga sheria ya makosa ya kompyuta, Mei jaji akasimamisha vifungu 26, kisha Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema sheria iko sawa. Karibu miaka miwili ya kazi. Lakini muda huo vile vifungu vilikuwa vimelala, na mimi ninayehoji watu kuhusu bandari naona hiyo si kitu kidogo, maana kifungu cha 23 cha habari za uongo kilikuwa na adhabu ya kufika miaka kumi jela.

Ada ya mwaka wa tatu nimelipa Jumatatu. Wewe mwenye mkataba mkononi sasa hivi usisaini leo, ingia kwanza kwenye hosti yako uangalie ile imeli ya fidi ni ya nani, na ukiona si yako niandikie nitakuelekeza kwa yule mama.