Tathmini ya huduma ya polisi kwa waliotapeliwa kwa simu jijini Mwanza: wapelelezi wapo, msimamizi wa kiraia hayupo

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile anayoipata mkazi wa Mwanza anapofika kituoni kueleza kwamba ametapeliwa kwa simu. Nilimsindikiza mama yangu mdogo, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, aliyetuma shilingi laki nane kwa mtu aliyejifanya ndiye anayemletea mzigo kutoka Ukerewe na kudai kuwa amebadilisha namba. Kituo chenyewe sikitaji.

Mapokezi yalikuwa mazuri. Askari wa zamu pale kaunta alimpa kiti, akaandika maelezo yake bila kumharakisha, akampa namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yake pale kituoni, bila kudai hata shilingi moja, na akamwelekeza autume ujumbe wa tapeli kwenda 15040, namba iliyotengwa kupokea taarifa za utapeli. Mpelelezi aliyekabidhiwa jalada alionekana kuijua kazi yake, kwani kabla ya jambo lingine lolote aliuliza muda wa muamala na namba yake ya kumbukumbu, kisha akaeleza kwa upole kwamba fedha za namna hiyo huwa zimeshatolewa kwa wakala muda mfupi baada ya kuingia, na kwamba laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mtu mwingine huweza kuwafikisha polisi kwa mtu asiyehusika kabisa. Kwa sehemu hii natoa nyota nne kati ya tano.

Kasoro ilianzia kwenye simu. Ilichukuliwa kama kielelezo, na mama mdogo akapewa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, kilichoandikwa "simu nyeusi, moja" na kuwekwa sahihi isiyosomeka. Hapakuwa na muhuri, jina la aliyeipokea wala namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari anayekamata kitu katika upekuzi atoe hati ya kukiri kukichukua, na sioni kwa nini mlalamikaji anayeikabidhi simu yake kwa hiari apewe kilicho pungufu ya hapo. Kwa mfanyabiashara wa Mwaloni, simu ndiyo daftari la madeni na ndiyo benki, mbali na picha na mazungumzo ya familia yaliyomo ndani. Kila alipouliza alijibiwa, "Mama, vumilia, upelelezi unaendelea." Iliporudishwa, hakuna aliyemweleza ni nani aliifungua wala alisoma nini. Hapo natoa nyota moja.

Jambo hili linanigusa zaidi nikifikiria mamlaka waliyonayo polisi katika makosa haya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo uwezo wa kuamuru mahali paingiwe, papekuliwe na kifaa kikamatwe, pamoja na kuagiza taarifa zitolewe, bila kupitia kwanza kwa hakimu. Siupingi uwezo huo moja kwa moja, kwa sababu utapeli huenda kasi na ushahidi hufutika. Lakini pale ambapo mahakama haikuuliza mwanzoni, ni lazima awepo mtu mwingine wa kuuliza baadaye, na mtu huyo asiwe mwenzake na yule aliyechukua simu. Mlalamikaji anayetoka kwa mkuu wa kituo huenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, na ngazi zote hizo ni za polisi wenyewe.

Nje ya jeshi kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyowekwa na Ibara ya 129 ya Katiba, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya umma. Ni mlango wa kweli na nawasihi watu wautumie, ila mzigo wake ni mpana mno, na mara nyingi kinachotoka mwisho ni mapendekezo. Wenzetu wa Kisumu nchini Kenya, tunaochangia nao ziwa hili, wana chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 mahususi kwa ajili ya kuwasimamia polisi, kinachoongozwa na raia na chenye uwezo wa kukagua vituo vyao. Kwetu, Tume ya Haki Jinai iliyoundwa mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza Jeshi la Polisi libadilishwe liwe huduma ya polisi, na kwa maoni yangu huduma haiwezi kuitwa huduma ikiwa anayehudumiwa hana pa kuulizia nje ya kaunta ileile.

Anayekwenda kituoni leo abonyeze *#06# kabla ya kuikabidhi simu, anakili namba ya IMEI, na aombe iandikwe kwenye hati pamoja na jina la askari na muhuri. Kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ombi langu ni moja: maofisa wake wanapokagua mahabusu za vituo vya kanda ya ziwa, waombe pia kufunguliwa stoo ya vielelezo, wahesabu simu zilizomo, na walinganishe kila moja na hati aliyopewa mwenyewe.