Sola na betri kwenye Rust: ipi ununue kwanza, ipi uiache Outpost

Ukifika Outpost, kituo salama cha biashara kwenye mchezo wa kompyuta wa Rust, na skrapu zako (vyuma chakavu, ndiyo pesa ya huko), macho yanakimbilia paneli za jua. Maandishi yanasema 20 rW (kipimo cha umeme cha mchezo), tareti moja, ile bunduki ya ulinzi inayofyatua yenyewe, inakula 10, basi unabeba paneli mbili ukijua umeshamaliza kazi na bado chenji ipo. Jua likizama tareti zinanyamaza. Ile 20 ni ya jua la utosini, na jua haliketi utosini. Shika Wire Tool, kifaa cha kuunganishia nyaya, mkononi, simama mbele ya paneli asubuhi na uiangalie: tarakimu zinapanda kidogo kidogo, zinafika kilele mchana, kisha zinateremka hadi sifuri. Kwa hiyo kwenye mwongozo huu kila paneli naihesabu kwa 10, nusu ya inachojitangazia. Kwa paneli iliyokaa vibaya hata hiyo ni ukarimu.

Siku ya Rust kwenye seva ya kawaida huchukua kama saa nzima ya saa yako ya ukutani: mchana dakika 45 hivi, usiku robo saa. Paneli ya wastani wa 10 kwa dakika 45 inazaa rWm 450, yaani rW mara dakika. Betri nayo haipokei vyote. Katika kila 100 unazoingiza, inahifadhi 80. Zinabaki 360 za kutumia kwa saa nzima, sawa na 6 rW mfululizo usiku na mchana. Tareti inataka 10 bila kupumzika, hata kama hakuna adui wa kumpiga. Kwa hiyo tareti moja ni paneli mbili. Nimeanza na hesabu hii kwa sababu mpangilio wote wa hapa chini unasimama juu yake.

1. Betri ya kati na paneli nne au tano

Kwa anayecheza peke yake, au wawili watatu, sioni cha kushindana na hii. Betri ya kati inabeba rWm 9,000 na inaweza kutoa hadi 50 rW kwa wakati mmoja. Hiyo 50 ndiyo namba ya kutazama kabla ya ukubwa wa tumbo la betri, maana betri ikifika kikomo cha kutoa, vifaa vya ziada havipati kitu hata kama imejaa. Na 50 si haba: tareti tatu ni 30, tanuru mbili za umeme ni 6, taa mbili za dari ni 4, jumla 40 na bado una nafasi. Jambo la kufurahisha ni kwamba betri haichomi 50 zote kwa kuwa tu inaweza kuzitoa. Inapungua kwa kiasi vifaa vinavyokula.

Thamani yake utaijua siku umelala. Anayekuja kuvunja nyumba hupiga kwanza paneli za juu ya paa, zipo wazi na hazina pa kujificha. Betri ya kati iliyojaa, ikilisha tareti mbili, inaendelea dakika 450, saa saba na nusu. Usingizi wa mtu mzima unaisha na bunduki bado ziko macho.

Tatizo ni kuijaza. Paneli nne zinaipa 1,440 kwa saa, tareti mbili zinachukua 1,200, na kinachobaki ni 240. Kwa mwendo huo betri tupu itahitaji saa 37 na nusu kujaa, na huenda utavamiwa kabla. Weka swichi: tareti zizime ukiwa nyumbani na umeshika bunduki yako mwenyewe, ziwake ukitoka au ukienda kulala. Zikiwa zimezimwa, paneli hizo nne zinajaza betri kwa saa sita na robo. Au ongeza paneli ya tano, ziada inapanda kutoka 240 hadi 600. Mimi ningefanya yote mawili.

Kabla ya kuweka paneli, angalia miti, miamba na ukuta wa jirani. Kivuli cha mnara wako mwenyewe kinaweza kukuibia asubuhi nzima. Ukiwa na nne, usizielekeze zote upande mmoja: mbili zitazame zaidi mashariki, mbili magharibi, ili umeme usije wote kwa mkupuo wa saa chache.

2. Tabini ya upepo

Hapa kundi la watu wanne au zaidi wanaweza kuruka paneli kabisa. Tabini moja inafika 150 rW na haijali usiku. Haikai 150, bila shaka. Upepo unapanda na kushuka na tarakimu zinacheza hapo hapo ukizitazama. Lakini tuseme umeiweka juu ya kutosha ukapata wastani wa 50 tu. Hiyo ni rWm 2,400 zinazoingia kwenye betri kila saa, karibu sawa na paneli saba.

Kwa nini basi siiweki ya kwanza? Ni ghali, iwe unaitengeneza kwa chuma bora au unainunua kwa skrapu. Inataka urefu, na ukiiweka chini bondeni umenunua pambo. Halafu inaonekana kutoka mbali sana, na kila anayeiona anajua hapo pana watu wenye mali. Kundi lenye zamu za ulinzi halisumbuliwi na hilo. Mchezaji wa peke yake anajitangaza.

Tabini bila betri usijaribu. Upepo ukilegea kwa sekunde chache tareti nazo zinazima, na sekunde hizo zinamtosha mtu kuingia.

3. Betri ndogo na paneli mbili

Hii ni ya siku ya kwanza. Betri ndogo inabeba rWm 150 na kutoa 10 rW, yaani tareti moja kwa dakika 15, takriban urefu wa usiku wenyewe. Tatizo ni alfajiri: jua linatoka lakini paneli bado zinatoa kidogo, na betri imeshakauka. Mchana nao inajaa upesi na umeme wote unaofuata unapotea. Kwa taa na vifaa vidogo vya mlangoni inatosha sana. Kwa ulinzi, ichukulie kama ya kupitia tu.

Kuna wanaojaribu kuokoa skrapu kwa kuunganisha betri ndogo kadhaa. Inawezekana, mbili zinakupa 20 rW, lakini bado tumbo ni rWm 300 kwa jumla. Ingekubidi uwe nazo 60 kufikia betri moja ya kati.

4. Betri kubwa

Wengi watashangaa kuikuta chini namna hii. rWm 24,000, kikomo cha kutoa 100 rW, nani asiitake? Shida ni kwamba kwa paneli nne, bila kuwasha hata taa, itajaa baada ya saa 16 na dakika 40. Ni pipa kubwa kwenye bomba linalodondosha. Kama matumizi yako hayavuki 50 rW, skrapu hizo zipeleke kwenye paneli zaidi. Betri kubwa inaanza kuwa na maana ukishakuwa na tabini, au ukitaka kulisha SAM Site, mtambo wa makombora ya kutungulia ndege, ambayo moja inakula 25, pamoja na tareti nne tano. Hapo inanunulika bila mjadala.

5. Jenereta ndogo

40 rW, usiku na mchana, mradi unailisha Low Grade Fuel. Mafuta hayo hayo unayataka kwa sindano za matibabu na kwa kurusha minikopta (helikopta ndogo). Jenereta ikiishiwa ukiwa umelala, hakuna wa kuijaza. Inafaa kama akiba ya dharura kwa kundi lililozama kwenye mafuta, basi. Na ile jenereta ya 100 rW unayoiona kwenye video za mafunzo ni ya majaribio, ya wasimamizi wa seva; usiitafute dukani.

Vitu vidogo vya kuongeza kwenye bajeti

Paneli haziungani zenyewe. Kila Root Combiner inapokea vyanzo viwili na kutoa kimoja, hivyo paneli nne zinataka tatu, na tano zinataka nne. Ukiondoka Outpost bila hizo, umebeba mzigo tu. Kwa upande wa kutoa, nunua Electrical Branch badala ya Splitter. Branch unaipangia mwenyewe, tareti ipate 10 kamili na kilichobaki kisonge mbele. Splitter inagawa sawasawa bila kujali nani anahitaji nini, na taa ya 2 rW inapewa fungu sawa na tareti.

Tazama pia kalenda. Seva zote hufutwa (ramani na majengo yanaanza upya) kwa lazima Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, na nyingi hufutwa kila wiki. Wiki ikiwa changa, betri ya kati na paneli zake zitakulipa. Zikibaki siku mbili, tabini na betri kubwa ziache kwenye mashine za kuuzia za Outpost: nunua betri ndogo, washa tareti moja mlangoni, skrapu zinazobaki nunua risasi.